Kipimo Hakijakosea

"Dokta, nikatie mseto wa mtoto."

Ilikuwa jioni ya masika, nikiwa njiani kwenda Kwashemshi, nimesimama kwenye duka la dawa ambalo sitalitaja jina wala mahali. Dokta anayeambiwa hapo ni kijana muuzaji. Huku kwetu Korogwe kila anayekaa nyuma ya kabati la vioo lenye dawa ni dokta, na hakuna anayeona ajabu. Mama aliyenitangulia alikuwa na mtoto mgongoni, kamfunika kanga mbili na fukuto lote lile.

"Umeshampima, mama?"

"Asubuhi, zahanati. Wamesema hana. Lakini vile vipimo vyao havioni, mwanangu. Mtoto anachemka namna hii, kama si malaria ni nini?"

Kijana hakubisha. Alishusha boksi la mseto, ile dawa ya malaria, akamwelekeza kidonge asubuhi na jioni kwa siku tatu, akapokea hela. Mimi niliyefuata panado nilibaki kuitazama ile kanga. Ilikuwa inapanda na kushuka mbio mbio, kama imemfunika mtoto aliyetoka kukimbizwa. Na mtoto mwenyewe alikuwa hajaanza hata kutambaa.

Nilinyamaza, na ukimya ule haujanipa raha mpaka leo. Kwa hiyo nabishana sasa, ingawa si na yule mama. Nabishana na kauli aliyoibeba, ambayo utaisikia kutoka Handeni mpaka Muheza, vijiweni, ndani ya mabasi, barazani baada ya swala, na (hapa ndipo panaponiuma) kwenye meza za baadhi ya wenye vyeti vya uganga: homa ni malaria, na kipimo kikikataa, basi kipimo ndicho kilichokosea.

Kauli hii haikuzuka hewani. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na wenzao walikuwa wakipima damu za watu katika vijiji viwili vya wilaya yetu, Mkokola huku bondeni na Kwamasimba kule juu. Mwaka 2003, katika kila watu 100 waliopimwa Mkokola, 78 walikuwa na vimelea vya malaria mwilini. Fikiria kijiji cha namna hiyo. Mama aliyesema "mwanangu ana malaria" bila kumpima hakuhitaji maabara. Alikuwa na hakika ya kupatia mara nyingi kuliko kukosa. Hata Shirika la Afya Duniani wakati huo lilielekeza kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa, akiishi penye malaria nyingi, apewe dawa ya malaria moja kwa moja. Bibi zetu na wataalamu wa Geneva walikuwa wanasema lugha moja.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwaka 2008, Mkokola ile ile, waliokutwa na vimelea walikuwa 13 katika kila 100. Kwamasimba walishuka kutoka karibu 25 hadi 3. Miaka mitano tu. Vyandarua vyenye dawa vilikuwa vimeenea, hati punguzo za kununulia vyandarua zimefika kwa wajawazito, mseto umechukua nafasi ya dawa ya SP tangu 2006, na mbu wenyewe walikuwa wanapungua katika sehemu kadhaa za mkoa wa Tanga kwa sababu ambazo wataalamu bado wanabishania. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo: pima kwanza, kila umri. Nchi ikabadilika, kauli ikabaki palepale kama kisiki.

Na tukisema kweli, hata enzi za 78 katika 100 kauli ile ilikuwa na ufa. Kama karibu kila mtu ana vimelea, basi hata kijana aliyeanguka kwenye mwembe akavunjika mkono angekutwa navyo. Hakuna ambaye angesema malaria ndiyo iliyomvunja. Watu wazima wengi wa bondeni walikuwa na vimelea damuni na jembe begani, hawaumwi kitu, kwa kuwa miili yao ilishazoea. Kuwa na mdudu ni jambo moja na kuugua kwa sababu ya mdudu huyo ni jambo jingine. Huo ndio msingi wa kwanza wa elimu ya magonjwa ya kuambukiza, na ndio wa kwanza kusahaulika mtu akishikwa na homa.

Ufa huo uliua watu, na wapo waliohesabu. Mwaka 2004 jarida la madaktari la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa waliolazwa kwa kile daktari alichokiandika kuwa ni malaria kali walichukuliwa damu, zikasomwa upya kwa makini. Majibu yalipatikana kwa wagonjwa 4,474. Waliokuwa na malaria kweli ni 2,062. Wengine wote, zaidi ya nusu, hawakuwa nayo. Waliokuwa na malaria, walikufa 7 katika kila 100. Wasiokuwa nayo, walikufa 12 katika kila 100. Theluthi mbili ya hao wasiokuwa nayo hawakupewa antibaotiki yoyote.

Tafadhali usiipite sentensi hiyo mbio. Waliopewa jina lisilo lao walikufa zaidi kuliko wenye malaria ya kweli. Sisemi wote wangepona kwa antibaotiki; wengine yawezekana walikuwa na maradhi yasiyosikia dawa hizo. Nasema walilala kitandani wakitibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao, huku ule uliowaleta ukiendelea na kazi yake bila mtu kuusumbua.

Mtaniambia hizo ni za zamani. Haya, twende Korogwe mjini, hospitali ya wilaya, mwaka 2013. Watoto 867 wa chini ya miaka mitano waliofika na homa walichunguzwa. Wenye malaria walikuwa karibu mmoja katika kumi. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la magonjwa ya njia ya hewa: mafua, kikohozi, nimonia. Huko Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa na homa kati ya 2007 na 2008 walifanyiwa uchunguzi mpana. Sita katika kumi waliandikiwa malaria, na waliokuwa nayo hawakufika wawili katika mia. Mnaona? Aliyesema zamani "homa ni malaria" alikuwa anabahatisha penye bahati. Anayesema leo anacheza kamari na mtoto wa mtu.

Kuna kauli ndogo inayotembea na hii kubwa kama mdogo wake: "Nimenyeshewa jana, malaria imenipanda." Nimeisikia hata kwa walimu. Tupige hesabu yake polepole, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayofundisha jinsi malaria inavyosafiri. Mvua inanyesha, vidimbwi vinasimama. Mbu jike wa malaria, anayeitwa Anofelesi, anataga kwenye maji hayo, hasa yaliyo safi kiasi na yanayopigwa na jua. Kwato za ng'ombe na majaruba ya mpunga humfaa kuliko shimo la choo. Mpaka yai liwe mbu arukaye, zimepita siku kumi hivi. Mbu huyo anazaliwa hana malaria. Lazima amuume mtu mwenye vimelea ndipo avibebe, kisha vikae tumboni mwake vikue, siku kumi hadi kumi na nne katika joto la bondeni, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Akibahatika kuishi, anamuuma mtu wa pili, na mtu huyo hataona homa kabla ya siku saba. Kwa kawaida ni kumi na kuendelea. Jumlisha. Mvua ya leo italeta malaria mpya baada ya mwezi na ushei. Ndiyo maana malaria yetu hupanda masika yakishapita, watu wakiwa wameshaanika miavuli. Aliyetetemeka leo kwa mvua ya jana, kama ana malaria, aliumwa na mbu wiki moja, mbili au zaidi zilizopita, kabla wingu halijatanda. Na kama hana, huenda kaambukizwa mafua na watu waliobanana naye chini ya kibaraza wakisubiri mvua ikatike.

Hesabu hiyo wazee wa Usambara walikuwa na nusu yake kabla ya maabara yoyote. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alizunguka huku kwetu mwaka 1897 na 1898. Washambaa wa milimani walimweleza kwamba wao juu hawaugui homa ile. Wakishuka nchi ya chini wanaumwa na mbu, wanarudi wagonjwa, na ugonjwa wenyewe wanauita mbu. Mdudu na maradhi, jina moja. Ronald Ross alikuwa ndiyo kwanza ameona vimelea ndani ya mbu huko India, Agosti 1897. Wazee hawakuwa na hadubini. Walikuwa na milima na macho: hapa joto lipo, ugonjwa upo, pale baridi, ugonjwa haupo, katikati yao kuna mdudu. Leo tunajua baridi ya juu inachelewesha vimelea kukua ndani ya mbu mpaka anakufa kabla havijakomaa, lakini hitimisho lao halijabadilika.

Nimeileta habari hii kwa sababu ya wale wa upande wa pili wa ubishi, wanaosema tatizo ni wanavijiji hawana elimu. Si kweli. Wazee wale walifanya kitu ambacho wengi wetu wenye vyeti tumeacha kukifanya. Waliuliza ugonjwa umepita njia gani.

Na njia ni nyingi. Nimonia na mafua hupita kwenye pumzi na mikono, ndiyo maana nyumba yenye watu wanane na moshi wa kuni hainusuriki akishaugua mmoja. Kuhara na taifodi hutoka chooni hadi kinywani kupitia maji, vidole na nzi. Dengi nayo inaletwa na mbu, lakini mbu mwingine kabisa, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kutaga kwenye ndoo, tairi na kifuu chenye maji. Dengi ilipozuka Dar es Salaam mwaka 2019 na kufika hadi Tanga, waliojifungia kwenye chandarua usiku walikuwa wameshaumwa saa nne asubuhi. Mbu wa tatu, huyu wa maji machafu ya choo, ndiye mbebaji mkubwa wa matende na mabusha katika mwambao wetu, si madafu kama tulivyotishwa utotoni. (Madafu nimekunywa miaka yote hii, na niko salama.) Na mwaka 2022, watu walipoanza kufa Ruangwa, mkoani Lindi, wakitokwa damu puani, nchi nzima ilishika roho ikidhani ni Ebola. Ilikuwa homa ya mgunda, ugonjwa unaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine na kuingia kwa mtu kupitia maji na ngozi yenye mchubuko. Mgunda ni shamba. Sisi tunaoshinda na miguu ndani ya majaruba tungekuwa wa kwanza kuliuliza hilo tukiona homa isiyo na malaria.

Hata jina la ugonjwa halitoshi kutuambia umepita njia gani. Korona, katika nchi hii ya mkonge, ni mashine. Baba zetu na manamba waliotoka mikoa ya mbali wameingia korona asubuhi na kutoka jioni wakiwa wamelowa maji ya majani ya mkonge, tangu enzi za Mjerumani. Ilipokuja korona nyingine, ile ya ugonjwa, mwaka 2020, mzee mmoja aliniuliza kwa dhati kabisa kama serikali inafunga viwanda.

Sasa hoja za wanaoishikilia kauli ile. Ya kwanza ni ile ya mama wa dukani: kipimo hakioni. Kipimo cha haraka kinachotumika zahanati hutafuta protini inayotolewa na kimelea. Tone la damu, matone ya dawa, dakika 15 hadi 20. Mstari mmoja huna, miwili unayo. Kinaweza kukosa? Kinaweza, vimelea wakiwa wachache sana. Lakini mtoto anayechemka na kulegea kwa malaria kwa kawaida ana vimelea tele. Kosa ambalo kipimo hiki hulifanya zaidi ni la upande wa pili, upande ambao hakuna anayeulalamikia: protini ile hubaki damuni wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo kinaona malaria iliyokwisha kwenda. Kumbe tunakituhumu upofu wakati udhaifu wake ni kuona hata kivuli. Ukibaki na wasiwasi, rudi kesho upimwe tena. Kipimo cha pili kina faida kuliko kidonge cha kubahatisha.

Ya pili inasema mseto haudhuru, bora kinga. Hii ndiyo hoja ya wapole, na ndiyo naiogopa zaidi. Nendeni Hale, hapa hapa wilayani. Mwaka 2006 watafiti waliwapa watoto wenye malaria SP, ile tuliyozoea kuiita Fansida, na ndani ya siku 28 ilikuwa imeshindwa kwa zaidi ya watoto 8 katika kila 10. Dawa iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 2001, ikichukua nafasi ya klorokwini iliyokuwa imechoka nayo, ilikufa mikononi mwetu kwa miaka mitano. Dawa hufa vimelea wanapoizoea, na huizoea haraka inapomwagwa kila mahali kwa kila mwenye joto. Mseto tunaoutegemea sasa umeanza kukutana na vimelea wanaochelewa kufa; wameonekana Rwanda, na utafiti uliofanyika Karagwe, mkoani Kagera, mwaka 2022 umethibitisha kwamba wako ndani ya mipaka yetu. Kagera ni mbali, lakini mabasi yanafika.

Kisha kuna dhara la karibu zaidi, nalo ni muda. Mseto huchukua siku tatu. Mama akishampa mtoto kidonge cha kwanza ana matumaini, na mwenye matumaini husubiri. Nimonia haina siku tatu za kukusubiri.

Wapo pia walioikimbia malaria wakaangukia kwa bwana mpya. Siku hizi kipimo kikikataa, mgonjwa anatoka na "taifodi na UTI", mara nyingi zote mbili kwa pamoja, kama soda na maandazi. Kipimo kimoja cha Widal hakitoshi kusema mtu ana taifodi. Damu ya mtu aliyewahi kukutana na vijidudu hivyo au jamaa zao inaweza kuitika. Hii ni kauli ile ile ya zamani katika shati jipya, na sina zaidi la kuiambia.

Lawama yangu iko wapi basi? Siiweki kwa mama. Zahanati ilimwambia hana malaria, ikanyamaza. Jibu la "huna hiki" bila "unacho kile" si jibu, ni mlango uliofungwa, na mtu mwenye mtoto mgonjwa mgongoni ataugonga mlango mwingine ulio wazi, hasa wenye taa na kabati la vioo. Muuguzi aliyekwisha kuona mstari mmoja alipaswa kumfunua kanga mtoto yule, kumtazama kifua, kumtazama masikio, kuuliza kuhusu kuhara na mkojo. Amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji, dawa ya kwanza ya nimonia kwa watoto, ni ya bei ndogo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali la pili.

Na nilikuwepo mimi, nimesimama na panado mkononi, nikijua la kumwambia.

Ningemwambia hivi, na nakwambia wewe unayesoma. Mfungue mtoto kanga. Subiri atulie, asiwe analia wala ananyonya. Chukua simu yako, weka dakika moja kamili, hesabu kifua kinavyopanda. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika mara 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika mara 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika mara 40, au ukiona mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, mrudishe kituoni usiku huo huo. Usingoje asubuhi, na usikubali kuambiwa tu kwamba hana malaria.